Pointi za Wakwe

Mutu akijisifu mbele yenu kwamba wakwe zake wote watatu hawamuwezi ku eshek, musikimbilie kumupigia makofi. Muulizeni kwanza: hao wakwe wakitoka kucheza naye, wanakula namna gani nyumbani kwao? Mimi Odile, binti wa tatu wa Papa Ngoy Hippolyte, wa hapa Kalemie, kartie ya Kataki, najua ninachosema, maana mumoja wa wale wakwe nilikuwa ninamupikia bugali mimi mwenyewe.

Eshek njo ule muchezo ambao ndugu zetu wa ng'ambo, wa Kigoma, wanauita sataranji: ubao wa miraba myeupe na myeusi, mufalme, malkia, farasi, ngome, na vile vidogo vya mbele tunavyoita pioni. Kwetu uliletwa na Wazungu wa reli. Walipoondoka waliacha mbao mbili katika serkle ya wafanyakazi, ile nyumba ndefu karibu na gare ya treni, na nusu ya kete zilikuwa zimekwisha potea. Papa alikuwa mekanisien, fundi wa mashine, katika atelie ya kutengenezea mabehewa. Akachonga malkia na farasi kwa mbao za mabehewa yaliyokufa, na pioni akafanya kwa ekru, zile nati za kukazia bulo. Za upande mumoja akazipaka rangi nyeusi. Zilikuwa nzito. Ukisogeza pioni moja, mutu aliyekaa mulangoni alisikia.

Papa alizaliwa Ankoro. Aliingia shule ya misioni, akafika mwaka wa tatu, baba yake akafa, na wajomba wakamutoa kwenda kuvua nao samaki. Hakurudi tena darasani. Kazi ya reli aliipata kwa mikono, si kwa karatasi, na lile jambo la kukatishwa masomo lilimuuma maisha yake yote. Sisi watoto tukisoma jioni, yeye alikaa karibu akijifanya anashona kiatu, kumbe anasikiliza. Siku moja alimwambia Mama, na mimi nikiwa pale: "Marceline, kichwa changu kilifungwa mapema. Ningependa kujua kama kingeweza kuendelea."

Mama akamujibu kwamba kichwa hakina shida, shida ni ile kofia anayokivalisha. Walizoea kuchekana hivyo, na ile kofia kweli ilikuwa mbaya, ya kitambaa kilichokula mafuta ya mashine. Lakini Papa hakulisema lile neno kwa muchezo. Nilimuona uso. Na musipolishika lile neno, haya mengine yote nitakayowaambia mutayaona ni mambo ya watu kucheza ekru tu.

Pointi zililetwa na Mwalimu Grégoire, mufundishaji wa hesabu, ambaye alisoma habari zake katika gazeti la Kifaransa. Kabla yake, kila Jumamosi ilikuwa makelele: huyu anasema yeye njo mukubwa wa serkle, yule anasema hapana, ulinishinda kwa sababu nilikuwa na malaria. Grégoire akachoka. Akaleta chaki, akasimama mbele ya ule ubao mweusi wa kutangazia mambo ya kazi, na akaeleza. Alikuwa mutu wa kueleza pole pole mupaka unataka kumutikisa.

"Anayeingia leo ninamupa pointi elfu moja na mia mbili," alisema. "Mukicheza wawili, anayeshinda anachukua pointi za anayeshindwa. Ukimupiga mutu anayekupita mbali, unachukua nyingi, kwa sababu hakuna aliyekutegemea. Ukimupiga mutu wa chini yako, unachukua mbili tatu tu, kwa sababu ilikuwa kazi yako kumupiga. Na yule mukubwa akipigwa na mudogo, analipa nyingi. Mukicheza sana, kila mutu atafika mahali pake na kukaa."

Kisha akachora mistari. Chini ya elfu moja na mia nne, klasi ya nne. Kutoka pale mupaka elfu moja na mia sita, klasi ya tatu. Mia mbili nyingine, ya pili. Mia mbili nyingine, ya kwanza. Na atakayefika elfu mbili, huyo ataitwa bingwa, na jina lake litaandikwa kwa chaki nyekundu. Watu wakapenda ile chaki nyekundu kuliko maelezo yote.

Baada ya miezi michache ya kucheza, majina yalitulia. Papa akatulia katika klasi ya tatu. Alisimama mbele ya ubao, kofia mukononi, akacheka kicheko ambacho hakikuwa kizuri. "Hata huku wamenisimamisha ya tatu," alisema, na akatoka nje kuangalia ziwa.

Sasa wakwe. Wachezaji watatu wa juu pale serkle walikuwa Pontien, aliyekuwa anaendesha treni ya Kabalo, Salomon wa ku stoo ya bandari, na Cyrille, karani wa tikiti za boti. Wote vijana, wote hawajaoa. Papa alikuwa na kiu ya kujifunza, kwa hiyo akaanza kuwaleta nyumbani siku za Jumapili waendelee kucheza uani, na sisi mabinti tulikuwa tunaleta maji ya kunywa. Wengine wanapata wakwe kanisani. Papa alipata wa kwake kwenye ubao.

Na nyakati zile, nataka mujue, walimupiga Papa bila huruma. Cyrille hasa. Alikuwa anamufunga mufalme wake haraka haraka, kisha ananiomba maji huku anatabasamu. Nilimuchukia sana. Mama anasema sikumuchukia hata kidogo, na kwamba kila Jumapili nilikuwa ninabadilisha kitambaa cha kichwa. Tuyaache hayo.

Pontien akamuoa dada yangu mukubwa, Emérance. Salomon akamuoa Claudine. Mimi nikaolewa na Cyrille. Sasa kwetu, mukwe ni mutu wa haya. Hapishani njiani na baba wa bibi yake bila kusimama pembeni, hamukatizi maneno, na kula mbele yake hawezi kabisa, mupaka siku ambayo baba mwenyewe anachinja jogoo, anakata kipaja kwa mukono wake, anamupa na kumwambia: "Kula." Tangu pale haya ya kula imefunguka, wanaweza kukaa meza moja. Papa alimufanyia kila mumoja hivyo, kwa heshima yote. Haya ya kula ilifunguka. Haya ya ubao hakuna aliyeifikiria, maana wale wazee waliotuachia desturi hawakuwa na eshek.

Basi munaona kilichotokea. Baada ya harusi ya Emérance, Pontien hakumushinda Papa tena hata siku moja. Angewezaje? Kumufunga baba mukwe mufalme mbele ya watu wote, kisha kumunyooshea mukono na kuchukua pointi zake? Papa akaingia klasi ya pili. Baada ya harusi ya Claudine akaingia klasi ya kwanza. Baada ya harusi yangu alikuwa anagonga mulango wa elfu mbili. Zile pointi ambazo wakwe waliwanyang'anya watu wengine, Jumamosi walimupelekea Papa, kama vile mahari haijaisha.

Na hawakushindwa ovyo ovyo, hapana. Walishindwa kwa ufundi. Muchezo mrefu, jasho usoni, kisha kosa dogo moja ambalo mutu wa klasi ya tatu anaweza kuliona. Mimi nilitambua kwa sahani. Cyrille akipigwa na mutu kweli kweli, hali. Hiyo ilikuwa tabia yake tangu mwanzo: anaingia ndani, anageukia ukuta, na bugali unapoa mupaka unatoa ganda. Siku moja Mwalimu Grégoire alimupiga, na Cyrille alikaa na njaa mupaka kesho yake muchana. Lakini akishindwa na Papa, anarudi anapiga mluzi, anakula, anaomba nyongeza ya sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Nikamuuliza siku moja, sahani ikiwa mbele yake: "Cyrille, Papa amekushinda tena?"

"Amenishinda. Yule muzee ni mukali."

"Na njaa hii yote inatoka wapi?"

Akaacha kutafuna. "Odile, wewe ulitaka nifanye nini? Nimupige baba yako mbele ya serkle nzima? Nitamuangalia namna gani usoni?"

"Ulikuwa unamupiga vizuri sana kabla ya kunioa."

"Kabla ya kukuoa alikuwa Papa Ngoy. Sasa ni mukwe wangu." Akasukuma sahani, na nikaona kwamba kweli hakuwa na njia nyingine. Nilikasirika hata hivyo. Nilikwenda kwa Mama nikamwambia yote, na Mama akaendelea kuanika ndagala zake, vile visamaki vya ziwa, bila kugeuka. "Unafikiri sijui?" alisema. "Nimelala kando ya mugongo wa baba yako miaka mingapi? Lakini muangalie anavyotembea sasa. Wewe njo utakwenda kumwambia?"

Sikwenda. Nani angeweza? Papa alikuwa amebadilika. Alikuwa anatembea kichwa juu. Alipata kitabu cha eshek cha Kifaransa, kimechanika jalada, na akawa anakisoma kwa kidole, neno moja moja, na maneno yanayomushinda ananiletea mimi niliyemaliza sekondari. Jioni moja aliniomba nimusomee ukurasa, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, kama mutu anayeogopa kuharibu kitu: "Odile, kinafunguka. Hiki kichwa. Kwa umri huu." Nilimusomea ukurasa wote. Nilimupenda sana Papa yangu ile jioni, na nilitamani kuwapiga wakwe wote watatu kwa mwiko.

Halafu wachuuzi wa boti wakaleta habari kwamba watu wa Kigoma wanaocheza sataranji wanataka kuvuka ziwa kuja kupimana na sisi. Serkle ikajaa moto. Watu watano kwa watano, na kupangana kwa pointi: wa kwanza wao na wa kwanza wetu, wa pili na wa pili. Wa kwanza wetu, kwa chaki, alikuwa Papa. Zilikuwa zimebaki pointi chache sana afike elfu mbili. Na ikasikika kwamba yule wa kwanza wa Kigoma, mutu wa forodha, ana elfu moja na mia nane tu. Watu wakaanza kuimba kabla ya boti kufika.

Mwalimu Grégoire peke yake hakuimba. Alijaribu kuwaeleza. "Pointi zetu ni kama maji katika mabeseni ya nyumba moja," alisema. "Ukichota huku, unajaza kule. Maji ni yale yale. Hatujawahi kupima na nyumba nyingine. Elfu mbili ya hapa haiwezi kujua kama ni elfu mbili ya kule." Watu wakamwambia anaharibu sikukuu. Alitaka kusema zaidi, nilimuona, lakini Papa alikuwa amekaa pale na abakosti yake, suti ya sikukuu, aliyokwisha kupiga pasi siku mbili kabla, na Grégoire akakunja mudomo.

Siku ya wageni tulikwenda wote, hata Mama, aliyekuwa hajawahi kukanyaga serkle. Wageni walikuwa watu wa adabu, wenye Kiswahili cha taratibu kinachokufanya uone aibu ya cha kwako. Yule wa forodha akamusalimu Papa: "Shikamoo, mzee. Nimesikia sifa zako." Papa akavua kofia, akakaa, akasogeza ekru yake ya kwanza. Tukaisikia wote.

Sitawachosha. Pontien alimushinda mugeni wake. Salomon alimushinda wa kwake. Cyrille alimushinda wa kwake, tena vizuri, ilikuwa raha kumuangalia. Walikuwa wanacheza kama watu waliofunguliwa kamba. Grégoire alitoka sare. Lakini Papa ndiye aliyemaliza wa kwanza kabisa, wengine bado wanapanga farasi zao. Malkia wake alikufa mapema, na mufalme wake akafungwa pembeni nyuma ya pioni zake mwenyewe. Aliangalia ubao muda mrefu akitafuta lile kosa dogo ambalo mupinzani angelifanya, lile alilozoea kulikuta kila Jumamosi. Halikuja.

Yule mugeni hakuwa na ubaya. Alidhani Papa anaumwa. Aliposimama kumupa mukono alitaka kumutuliza, akasema mbele yetu wote: "Mzee, usijali, kila mtu ana siku yake. Ila niambie kitu kimoja. Hawa vijana wenu watatu ni hatari, wa pili wetu ananikaribia mimi na wamemfanya mtoto. Wewe unawafungaje hawa?"

Papa akafungua mudomo kujibu, na nikamuona anafanya hesabu. Aligeuka akamuangalia Pontien. Akamuangalia Salomon. Akamuangalia Cyrille wangu, na Cyrille akainamisha macho chini kabisa, na wale wawili pia. Kalemie ilikuwa imeshinda, na hakuna mutu aliyepiga makofi.

Tulirudi nyumbani kwa kufuata reli, mimi na Papa mbele, Mama na wengine mbali nyuma. Papa alitembea juu ya vile vipande vya mbao kimoja kimoja. Kisha akaniuliza, bila kuniangalia: "Odile. Bwana yako akishindwa na watu, anarudi nyumbani namna gani?"

Nilijua anapokwenda, na nilitaka ardhi ipasuke. "Hali, Papa. Analala na njaa."

"Na akishindwa na mimi?"

Ningeweza kusema uongo. Wote tulikuwa tumesema uongo kwa heshima miaka yote ile, mumoja zaidi ungemuumiza nani? Lakini mutu alikuwa ameuliza. "Anakula, Papa. Anaomba nyongeza."

Akasimama. Akavua kofia, akaiangalia ndani kama anatafuta kitu. "Basi hakikufunguka," alisema. "Kilikuwa kinafunguliwa na watu." Nikashika mukono wake na nikalia, na yeye hakulia, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Wiki ile hakwenda serkle. Grégoire alikuja kumuona, akarudi peke yake. Tulidhani eshek imekwisha kwa Papa. Kile kitabu kilikuwa juu ya kabati, kimefunikwa. Cyrille alikuwa anatembea nyumbani kwangu kama mwizi, na mara moja nilimusikia akiongea peke yake: "Tulimuheshimu mupaka tukamuua."

Jumapili iliyofuata Papa akatuma watu kutuita wote. Tulipofika uani, tulimukuta ameshika jogoo. Mukubwa, yule mwekundu wa Mama, na Mama amesimama kando, amekunja mikono, nami ninajua alivyompenda yule jogoo. Papa akachinja mwenyewe. Tukapika. Papa akawaweka wakwe watatu mbele yake juu ya mukeka, na katikati akaweka ule ubao, kete zote zimepangwa. Kisha akakata nyama kwa mukono wake, akamupa Pontien, akamupa Salomon, akamupa Cyrille.

"Siku ile niliwafungulia haya ya kula," alisema. "Kuna moja niliisahau, na ninyi hamukuthubutu kunikumbusha. Leo ninaifungua. Mbele ya huu ubao mimi si mukwe wa mutu. Atakayeniachia hata pioni moja, amenitukana. Kuleni."

Pontien alikuwa ameshika nyama mukononi na haipandi mudomoni. "Papa, watu watasema nini?"

"Watasema Ngoy ni wa klasi ya tatu," Papa akajibu. "Ni kweli. Ninataka kuondoka pale kwa miguu yangu."

Cyrille njo alikula wa kwanza. Alikuwa na machozi machoni, na akasema ni pilipili. Kisha akasogeza kete, wakacheza, na akamupiga Papa vibaya sana pale pale uani, mbele yetu sisi bibi zao na majirani. Ilikuwa ngumu kuangalia. Mama aliingia ndani.

Jumamosi zilizofuata jina la Papa lilishuka katika ubao wa Grégoire kama ndoo kisimani. Munakumbuka nilivyowaambia: mukubwa akipigwa na mudogo, analipa nyingi. Papa alikuwa na pointi nyingi kuliko wote na nguvu kidogo kuliko wale watatu, kwa hiyo kila kipigo kilimulipisha sana. Alitoka klasi ya kwanza. Akapita ya pili bila kukaa. Na zile pointi zikarudi kwa wenyewe, mupaka Cyrille akasimama elfu moja na mia tisa, wa kwanza wa serkle. Papa akafika klasi ya tatu, na pale akasimama. Watu wengine walimucheka, wale wa kukaa mulangoni bila kujua hata farasi anatembea namna gani. Niliwajibu mimi, na hawakurudia.

Lakini kile kitabu kilishuka kutoka juu ya kabati. Na kulikuwa na kitu kipya: baada ya kumupiga, wakwe walikuwa wanamuonyesha. "Hapa Papa, ungeleta ngome." "Hapa ulikimbia, ungengoja." Zamani hawakuweza kumufundisha, maana utamufundishaje mutu anayekushinda? Papa anauliza, anarudia, anakasirika, anauliza tena. Pioni njo alizipenda kuliko kete zote, na kila mara alijaribu kusukuma moja mupaka mwisho wa ubao, mahali ambapo pioni inageuka malkia. Alikuwa anarudi amechoka kama ametoka kubeba mabehewa. Nilimuuliza kama haimuumi. "Inauma," alisema. "Lakini sasa najua ninasimama wapi."

Ilipita zaidi ya mwaka. Jumamosi moja, jua bado liko juu, Cyrille akaingia nyumbani bila kunisalimu. Nilikuwa nimemupikia bugali na samaki wa mukebuka aliyempenda, na sombe. Nikatandika. Akapita mbele ya sahani kama haipo, akaingia chumbani, akageukia ukuta.

"Nani amekupiga?" nikauliza kutoka mulangoni.

"Niache, Odile."

"Ni Pontien?"

Kisha akasema kwa ukuta, kwa hasira ya kweli, hasira ambayo sikuwa nimeisikia tangu Grégoire: "Alipeleka pioni yake mupaka mwisho. Niliiona. Niliiona tangu mwanzo na sikuweza kuizuia. Ile ekru ya shetani." Akavuta shuka juu ya kichwa. Nikabaki nimesimama na mwiko mukononi, maana mule serkle, kati ya wote, ni mutu mumoja tu aliyekuwa na mapenzi ya kupeleka pioni mupaka mwisho.

Asubuhi yake, kabla ya misa, nilikuwa ninafagia uani nilipoona Papa amesimama kwenye uzio. Alikuwa amevaa nguo za kanisa na ile kofia mbaya. Hakuingia. Uso wake ulikuwa wa mutu ambaye hakulala.

"Grégoire ameniandikia pointi ishirini na tisa," alisema. "Anasema hajawahi kuandika nyingi hivi kwa muchezo mumoja. Anasema niko karibu na klasi ya pili." Alishika ule uzio kwa mikono miwili. "Lakini wale ni watoto wazuri, Odile. Wana huruma. Mutu anaweza kunihurumia tena, hata baada ya jogoo." Kisha akaniuliza kile alichokuja kuuliza: "Jana jioni, bwana yako alikula?"

"Hapana, Papa. Hata maji hakunywa. Bado amegeukia ukuta mupaka sasa."

Papa akaingia uani pole pole. Akaketi juu ya kinu changu kilichokuwa kimelazwa, akajifunika uso kwa kofia, na mabega yake yakawa yanatikisika. Nilimuacha alie. Mimi pia nilikuwa ninalia, fagio mukononi, na majirani wanapita kwenda misa wanatushangaa.

Kisha akajipangusa, akavaa kofia vizuri, na akaniuliza kama ile sahani ya Cyrille bado iko. Nikamuletea. Akala bugali wote, na samaki, na sombe, baridi vile vile, na alipomaliza akaomba nyongeza.